Mlezi wa Vijana Asigeuzwe Karani wa Mikopo

Miongoni mwa watumishi wa umma walioko katika miji yetu, yuko mmoja ambaye kazi yake hutajwa kwa nadra, na hueleweka kwa nadra zaidi. Huyo ni mwelimishaji wa maendeleo ya vijana. Katika karatasi za ofisi huitwa afisa maendeleo ya vijana, au afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wengine si watumishi wa Serikali bali ni wa vyama vya hiari, na wengine ni vijana wanaojitolea bila mshahara. Lakini ukienda mitaani hapa Tanga, Makorora au Mwanzange, Mabawa au Msambweni, utakuta vijana wengi wanamjua kwa jina moja tu: mtu wa mikopo. Jina hilo ndilo lililotusukuma kuandika leo.

Sisi tunasema kwamba mtumishi huyu ni mwalimu na mlezi kwanza. Mji unaomfungia ofisini ajaze fomu za mikopo unajinyima mwalimu, na wala haupati karani mzuri. Hasara ya jambo hilo haionekani kwa siku moja, lakini wanaoilipa ni vijana wetu, na baada yao tunailipa sisi sote.

Tusieleweke vibaya. Mikopo yenyewe ni jambo la haki. Tangu mwaka 2018 sheria ya fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za wananchi zinazorudi kwa wananchi. Mwezi Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ukaguzi wa hesabu kufichua mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa na vikundi ambavyo havikuonekana mahali pake. Mwaka 2024 ikatangazwa kurejeshwa kwa utaratibu mpya, na katika halmashauri 10 za majaribio ikaamuliwa ipitie katika mabenki.

Mengi yalisemwa wakati ule. Walilaumiwa viongozi wa vikundi, wakalaumiwa watumishi, wakalaumiwa hata wanasiasa. Aliyeiba na apelekwe mahakamani. Hatuna neno la kumtetea. Lakini liko jambo moja lililosemwa kidogo, nalo ni kwamba vikundi vingi vilikufa bila ya mtu kuiba chochote. Vilikufa kwa sababu havikuwa vikundi tangu mwanzo. Vijana watano waliojuana kwa uso wakasikia kwamba fomu zimetoka. Wakatafuta jina, wakaandika katiba kwa kunakili ya wenzao, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa dakika chache, kisha wakapanga foleni. Pikipiki ilipokuja, hakuna aliyekuwa amejiuliza nani ataendesha asubuhi na nani jioni, tairi likipasuka nani atalipa, na mwenzao akiugua sehemu yake itakwenda wapi. Ugomvi wa kwanza ukawa ndio mkutano wa mwisho. Deni likabaki, na pamoja na deni kikabaki kitu kibaya zaidi, yaani imani ya vijana wale kwamba kushirikiana ni upuuzi.

Hapo ndipo tunapouliza: mwalimu wao alikuwa wapi? Jibu ni kwamba alikuwa ofisini, akihakiki fomu, akiandika taarifa ya robo mwaka, na akipiga simu kudai marejesho ya vikundi vya mwaka uliotangulia. Kijana aliyemwona mara moja akigawa hundi na mara ya pili akidai deni hawezi kumfungulia moyo mara ya tatu. Huwezi kuwa mdai na msiri wa mtu yule yule kwa wakati mmoja.

Kazi ya mwelimishaji wa vijana, pale inapofanywa sawasawa, ni kazi ya kwenda. Huenda kijiweni wanakoegesha pikipiki, huenda kwenye kiwanja cha mpira wakati wa alasiri, huenda gereji na kwenye kibanda cha kunyolea, huenda gengeni na kwa mama lishe. Kwanza husikiliza. Hujifunza nani anafuatwa na wenzake, nani ana akili ya hesabu, nani amekwisha kukata tamaa. Kisha ndipo hufundisha, na mafunzo yake ni mambo ya kawaida kabisa: namna ya kuendesha mkutano bila matusi, kuandika muhtasari, kuweka daftari la mapato na matumizi, kutenga fedha ya matengenezo, kuweka akiba ndogo ya kila wiki. Huzungumza nao juu ya ulevi, juu ya UKIMWI, juu ya heshima baina ya mvulana na msichana. Huwaonyesha chuo cha ufundi kilipo na masharti ya kuingia. Mambo haya hayafundishwi kwa semina ya siku moja yenye soda na posho. Yanataka miezi.

Wengi wetu tulipita katika vyuo vya Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali, na tunakumbuka mwalimu alivyofundisha. Chuoni walikuwamo watoto 30 au 40, lakini kila mtoto alikwenda mbele ya mwalimu na ubao wake, akasoma somo lake mwenyewe pale alipofikia, akasahihishwa yeye, kisha akarudi mahali pake. Mwenye kasi hakungojeshwa, na mzito hakuachwa. Na aliyekwisha kuhitimu juzuu alipewa wadogo awasomeshe. Mwalimu alimjua kila mtoto, akamjua na baba yake, na asipomwona siku mbili alituma mtu kuuliza. Huo ni utaratibu wa malezi uliodumu karne nyingi katika pwani hii, na ndio hasa utaratibu unaomfaa kijana wa mjini leo: ajulikane yeye, aulizwe yeye, na akishaelewa apewe mwenziwe amfundishe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Msichana alikuwa na somo yake aliyemfunda. Mvulana alipitia jandoni akafundishwa na wakubwa zake. Mji umevunja mengi ya hayo. Mtaa mmoja una watu wa makabila 20, mzazi anatoka alfajiri na kurudi usiku, na mjomba yuko Dar es Salaam. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu wenyewe umekaribia sana mlangoni: uko katika simu ya mkononi, uko katika mashine za kamari zilizotiwa hadi vichochoroni, uko kwa muuza unga anayejua jina la kila mtoto wa mtaa wakati ambapo sisi hatuwajui.

Nchi yetu haikosi mafundisho katika jambo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Ilifanikiwa kwa sababu redio haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyefunzwa. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya kijiji chao wenyewe, kisha wakaamua la kufanya na kulifanya: wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Aliyefanya kampeni isimame ni yule kiongozi wa kikundi, jirani yao, aliyekuwapo wiki hadi wiki.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1983, tulijaribu njia nyingine. Sheria ya Nguvu Kazi ilipopitishwa, watu walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa na kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kwamba kila mtu afanye kazi, na nia hiyo hatuipingi. Lakini wengi wa waliopelekwa walirudi mjini muda si mrefu, maana walihamishwa miili bila ya kushauriwa wala kufundishwa. Tukilinganisha mambo haya mawili tunapata fundisho lililo wazi: mtu aliyeshirikishwa alichimba choo bila askari, na mtu aliyesombwa hakukaa shambani hata kwa askari.

Fundisho hilo lingali na maana leo. Makundi ya vijana wahalifu yaliyoitwa Panya Road yalipotia hofu Dar es Salaam mwaka 2015, na tena mwaka 2022, polisi walifanya kazi yao, na hapana budi waifanye, kwani raia ana haki ya kulala salama. Lakini polisi humkuta kijana akiwa amekwisha kushika panga. Kati ya siku aliyoacha shule na siku aliyoshika panga ilipita miaka, na katika miaka hiyo yote kijana yule alikuwa anaonekana kila siku, kijiweni, mchana kweupe. Nani alikuwa na wajibu wa kwenda kuketi naye?

Sasa tutazame mji wetu. Katika sensa ya mwaka 2012 Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 393,429. Ndani ya miaka 10 limepata watu zaidi ya 120,000, na wengi wanaohamia mijini ni vijana. Jiji lina kata 27. Ukigawanya, kila kata ina wastani wa watu zaidi ya 14,500. Tukikadiria kwamba theluthi moja ni vijana, wapo vijana wapatao 4,850 katika kata moja. Tuseme kila kata ina mwelimishaji mmoja, na tuseme anazungumza na vijana 10 kila siku bila kupumzika hata Ijumaa wala Jumapili. Itamchukua siku 485 kumwona kila mmoja mara moja tu. Huo ni zaidi ya mwaka mzima, na bado hajajaza fomu hata moja.

Mji huu nao si ule waliokuta baba zetu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani, na kijana wa Tanga asiyependa shule alijua kwamba shambani, bandarini au relini ataandikwa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 katani ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha tani 20,000. Kiwanda cha mbolea kilichoanza mwaka 1972 kilifungwa mwaka 1991. Kiwanda kilikuwa zaidi ya mshahara. Kilimfundisha kijana kuamka kwa king'ora, kumtii msimamizi, kumngoja mwenziwe kwenye mashine, kuchangia chama cha wafanyakazi. Kilipofungwa, shule hiyo ikafungwa pia. Leo linatajwa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Agosti 2017, na vijana wengi wameweka matumaini huko. Tunawatakia heri. Lakini kazi za ujenzi huisha, na anayepata kazi ya kudumu ni aliyejiandaa. Anayemwandaa ni mwalimu.

Liko jambo jingine ambalo fomu haziwezi kuliona. Mwelimishaji akienda kijiweni atakutana na wavulana. Wasichana hawako kijiweni. Wako jikoni kwa watu, wako saluni, wako sokoni, wengine wako nyumbani na mtoto mgongoni, wamejificha kwa aibu. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliopata mimba, warudi kusoma. Waraka ni karatasi, hauna miguu. Msichana aliyeko Duga au Pongwe hatausoma ubaoni ofisi ya kata. Yahitaji mtu apige hodi, aketi na mama mzazi, amsikilize baba aliyekasirika mpaka hasira impungue, aeleze kwamba ziko njia mbili, ya kurudi darasani na ya kusoma nje ya mfumo, na wiki ijayo arudi tena kuuliza wameamua nini. Kazi ya aina hiyo haina hundi wala picha ya kutiwa gazetini. Lakini msichana mmoja akirudi shule, ni nyumba nzima iliyosimama.

Ndivyo ilivyo pia kwa vijana walioingia katika unga. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa dawa ya methadoni watumiaji wa heroini waliotaka kuacha. Madaktari walikuwapo na dawa ilikuwapo. Lakini mgonjwa hakuja kwa tangazo. Aliletwa na wafanyakazi wa mitaani waliomfuata maskani, wakamjua, wakampa muda, wakamshika mkono hadi mlangoni. Bila ya watu hao dawa ingekaa kabatini.

Wapo watakaotupinga kwa kusema kwamba njaa haitaki darasa, na kwamba kijana amechoshwa na maneno, anataka mtaji. Hoja hii ina uzito na hatuwezi kuipuuza. Kijana hali nasaha. Tena ni kweli kwamba maneno mengi yametolewa kwa vijana na watu waliokuwa wakingoja posho. Lakini tunawauliza wenye hoja hiyo: yule aliyepewa mtaji bila mafunzo, leo yuko wapi? Mara nyingi ana deni, hana pikipiki na hana marafiki. Hatusemi elimu badala ya fedha. Tunasema elimu itangulie, fedha ifuate, na elimu iendelee baada ya fedha. Mkulima hamwagi mbegu juu ya ardhi isiyolimwa kisha akailaumu mbegu.

Kwa sababu hiyo tunatoa mapendekezo, nayo si makubwa.

Kwanza, kazi ya kutoa na kudai mikopo itengwe na kazi ya kuelimisha. Fedha zishughulikiwe na watu wa fedha, iwe benki au idara ya fedha ya halmashauri. Mwelimishaji abaki na kazi moja tu katika jambo hilo, ya kusema kwa ukweli kama kikundi kiko tayari. Na kikundi kisihesabiwe kuwa tayari mpaka kimekutana kwa muda usiopungua miezi 3, kimeweka akiba yake chenyewe hata iwe ndogo, na daftari lake limeonekana.

Pili, mwelimishaji apimwe kwa kipimo cha haki. Kwa sasa sifa humwendea aliyesajili vikundi vingi. Tunashauri aulizwe: vikundi ulivyoanza navyo miaka 2 iliyopita, vingapi vingali hai? Wangapi walirudi shule au walikwenda chuo cha ufundi? Mtumishi hufanya kile anachopimiwa. Ukimhesabia fomu, atakuletea fomu.

Tatu, apewe miguu na mahali. Tanga ni mji wa baiskeli, na hatuoni kwa nini mtumishi wa kata akose hata baiskeli. Saa zake nazo zitazamwe upya, maana vijana wengi hupatikana alasiri na jioni, wakati ambapo ofisi imefungwa. Viwanja vya michezo vilivyobaki vipimwe, viandikwe na vilindwe. Dar es Salaam, pale Kidongo Chekundu, kilifunguliwa mwaka 2015 kiwanja cha vijana katikati ya mji, mahali ambapo wengine wangetamani kujenga maduka. Mji uliolea Coastal Union na African Sports haupaswi kuwanyima watoto wake uwanja wa kuchezea.

Nne, zirudishwe mbinu za chuoni na za Mtu ni Afya. Mtu mmoja hawezi kuwafikia vijana 4,850, lakini anaweza kuwafunza vijana 30 waliochaguliwa na wenzao, wavulana kwa wasichana, na kila mmoja akabeba mtaa wake. Wapewe nauli na heshima. Na miradi ya wafadhili, kama ule wa Tanga Yetu uliogharamiwa na shirika la Fondation Botnar la Uswisi kwa ajili ya vijana wa jiji hili, iwaimarishe watu hawa watakaobaki, kwa kuwa mradi una mwisho na mtaa hauna.

Tano, ujuzi wenyewe uheshimiwe. Kulea vijana ni taaluma inayosomewa. Hapa nchini watu wanasomea maendeleo ya jamii Tengeru, mkoani Arusha, na Mpango wa Vijana wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1973 ulikuwa na kituo chake mjini Lusaka ambako kazi hii ilifundishwa. Aliyesomea kulea asiwekwe kwenye kabati la mafaili, kama vile ambavyo hatungemweka mkunga kwenye mapokezi.

Kwa vijana wenyewe tuna neno moja. Msimngoje mwalimu kama mnavyongoja fomu. Mkutane kabla hamjaambiwa mkutane. Watano wenye akiba ya shilingi 500 kila wiki na daftari lililo safi wana nguvu kuliko 50 wenye katiba ya kunakili. Na akija kijiweni mtu asiye na hundi mkononi, mwachieni nafasi kwenye benchi.

Kwa wazazi tunasema kwamba mwelimishaji hatachukua mahali penu; atasaidia tu pale mlipoanza. Na kwa waheshimiwa madiwani, ambao ndio watakaoketi kupanga bajeti, tunawaomba wakifika kwenye kifungu cha vijana wasiulize tu ni shilingi ngapi zitakopeshwa. Waulize pia ni nani atakayekwenda kwa vijana hao kabla ya mkopo, kwa miguu gani, na saa ngapi. Jibu likikosekana, kifungu hicho kirudishwe kikaandikwe upya.